Mwamba Kazadi: dakika 21 za Gelsenkirchen, na miaka yote iliyokuwa nyuma yake

Toka Bibokoboko kule juu mulimani mpaka Baraka kwenye ziwa, watoto wakigawanyana ekipe, wa mwisho kuchaguliwa ndiye anapelekwa kwenye mulango. Hakuna anayegombania ile nafasi. Mushambuliaji anaweza kukosa mara tano, akifunga moja anabebwa kwenye mabega. Golikipa akishika mara kumi na kuachia moja, ile moja ndiyo itazungumuzwa mpaka usiku.

Mwamba Kazadi alikuwa golikipa, na jambo hilo lilimupata mbele ya dunia nzima. Vitabu vya Kombe la Dunia vikimutaja, vinamutaja kwa namba mbili. Ya kwanza ni 21, dakika aliyotolewa uwanjani mbele ya Yugoslavia, tarehe 18 mwezi wa 6, 1974. Ya pili ni 9, hesabu ya magoli ambayo Zaire ilikula siku hiyo. Watu wengi wanachanganya hizi namba mbili, wanamubebesha yeye magoli yote. Kumbe wakati alipotoka, matokeo yalikuwa 3 kwa 0. Sita zingine ziliingia yeye akiwa amekaa inje, anaangalia.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 3, 1947, Kongo ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji, na jina la ubatizo lilikuwa Robert. Ekipe iliyomutengeneza jina ni ile ya Elisabethville, muji ambao leo tunauita Lubumbashi. Mapadri Wabenedikto ndio walioianzisha mwaka wa 1939, wakaiita Saint-Georges. Kiisha ikaitwa Saint-Paul, na baadaye ikachukua jina la Englebert, kampuni iliyokuwa inatengeneza mipira ya gari. Walipomaliza msimu mumoja bila kushindwa hata mechi moja, waliongeza Tout Puissant mbele ya jina, yaani wenye nguvu zote. Majivuno, ndiyo. Lakini miaka iliyofuata ilionyesha kwamba hawakusema uongo sana.

Kombe la mabingwa wa Afrika lilikuwa bado changa. Mwaka wa 1967 Englebert ilifika finali na kupambana na Asante Kotoko ya Kumasi, Ghana. Mechi ya kwanza 1 kwa 1, ya pili 2 kwa 2. Wakati ule hapakuwa mambo ya kuhesabu magoli ya ugenini, kwa hiyo ilibidi kurudia. Mechi ya marudio ilipangwa Yaoundé, Englebert wakafika, Kotoko hawakuonekana, juu habari ya ile mechi haikuwafikia kwa wakati. Kombe likaenda Lubumbashi kwa namna hiyo. Wapinzani waliendelea kusema kwamba ni kombe la bure. Basi Englebert wakajibu uwanjani: kombe la mwaka uliofuata wakalichukua tena, wakaifunga Étoile Filante ya Togo 5 kwa 0 nyumbani, hata kama kule Lomé walikula 4 kwa 1. Hakuna ekipe iliyokuwa imeshinda lile kombe mara mbili kwa kufuatana mbele yao. Ilibidi kungojea mpaka 2004, Enyimba ya Nigeria, ndipo ekipe ingine iweze kufanya hivyo.

Mwaka wa 1969 wakarudi finali, Ismaily ya Misri ikawashinda. Mwaka wa 1970 finali tena, ya ine kwa kufuatana, na Kotoko wakaja kujilipa: sare ya 1 kwa 1 huko Kumasi, kiisha wakashinda 2 kwa 1 hapa kwetu Kinshasa. Finali ine, makombe mawili. Ndiyo shule ambamo Kazadi alikomaa, na mutu anayepima maisha yake asianzie Ujerumani.

Katikati ya hayo kulikuwa ekipe ya taifa. Mwezi wa 1, 1968, Kombe la Afrika lilichezewa Ethiopia. Kazadi alikuwa hajatimiza miaka 21. Ghana ndiyo ilikuwa mbabe wa bara, ilikuwa imechukua kombe mara mbili za mwisho, 1963 na 1965, na katika hatua ya makundi iliifunga Kongo 2 kwa 1. Katika nusu finali Kongo ilikutana na wenyeji Ethiopia, ikashinda 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza. Kiisha finali, tarehe 21, kule Addis Ababa: Ghana tena. Pierre Kalala alifunga goli moja kipindi cha pili, na hilo moja lilitosha. Watu wanalikumbuka goli la Kalala, na ni haki. Lakini 1 kwa 0 inataka watu wawili: anayefunga upande huu, na yule anayekataza upande ule.

Siasa ikaingia. Tarehe 27 mwezi wa 10, 1971, Kongo ikaitwa Zaire. Miezi michache mbele, majina ya Wazungu yakakatazwa. Robert akatoweka kwenye karatasi, akabakia Kazadi Mwamba, ao Mwamba Kazadi kufuatana na anayeandika. Englebert nayo ikawa Mazembe. Ekipe ya taifa ilikuwa sasa ni Leopards, Chui, na jezi ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Mobutu aliwaona wale wachezaji kama bendera yake inayotembea. Aliwaita warudi wale waliokuwa wanacheza Ubelgiji, na wale waliokuwa inchini hawakuruhusiwa kwenda kutafuta pesa Ulaya. Watu 22 walioenda Ujerumani mwaka wa 1974, wote walikuwa wanacheza katika klabu za Zaire. Jambo hilo lina uzuri wake. Lina pia ubaya wake, ambao utaonekana.

Antrenere aliyeletwa alikuwa Blagoje Vidinić, mutu wa Yugoslavia. Alikuwa ameshaipeleka Maroko kwenye Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Na yeye mwenyewe zamani alikuwa golikipa, alikuwa katika ekipe ya Yugoslavia iliyopata dhahabu ya Olimpiki ya Roma mwaka wa 1960. Hilo tulishike, litarudi.

Njia ya kwenda Ujerumani ilikuwa ndefu. Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja tu, si tisa kama leo. Zaire ilitoka 0 kwa 0 na Togo, kiisha ikaipiga 4 kwa 0. Kameruni ilifungwa 1 kwa 0 nyumbani kwao, ikaja kurudisha 1 kwa 0 Kinshasa, na katika mechi ya tatu Zaire ikashinda 2 kwa 0. Ghana ilishinda 1 kwa 0 kwao, ikafika Kinshasa ikakuta moto: 4 kwa 1. Wakabakia watatu: Zaire, Zambia na Maroko. Zambia ilifungwa 2 kwa 0 kwao na 2 kwa 1 Kinshasa. Mwezi wa 12, 1973, Maroko ikafungwa 3 kwa 0. Wamaroko walikasirikia uamuzi wa arbitre na wakakataa kucheza mechi ya kurudiana. Zaire ikapita, inchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa jangwa la Sahara kufika Kombe la Dunia.

Hesabu kidogo hapa. Katika zile mechi 10 zilizochezwa kweli, Zaire ilifungwa magoli mangapi? Ine tu. Inamaanisha mulango ulikuwa mikononi mwema. Gazeti la France Football la Ufaransa, lilipochagua muchezaji bora wa Afrika wa 1973, lilimupa nafasi ya kwanza Bwanga Tshimen, beki wa Zaire na wa Mazembe. Wa pili alikuwa Kazadi. Golikipa kuwa wa pili katika uchaguzi kama huo ni jambo ambalo hata leo halionekani kila mwaka.

Mwezi wa 3, 1974, Misri. Kombe la Afrika. Chui hawakuanza vizuri sana: waliifunga Guinea 2 kwa 1, kiisha ndugu zetu wa Brazzaville wakawafunga 2 kwa 1. Maurice wakaipiga 4 kwa 1. Katika nusu finali na wenyeji Misri walikuwa nyuma 2 kwa 0, uwanja mzima unapiga kelele, na walirudi wakashinda 3 kwa 2. Finali na Zambia ikaisha 2 kwa 2. Hapakuwa penati za kuamua, kwa hiyo walirudia siku mbili mbele, tarehe 14, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Magoli yote manne ya Zaire katika zile mechi mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na magoli 9. Rekodi hiyo bado iko pale.

Wachezaji walirudi Kinshasa kama wafalme. Nyumba, gari, sherehe. Kazadi alikuwa na miaka 27, na makombe mawili ya Afrika na ekipe ya taifa, mawili na klabu. Golikipa gani mwingine wa bara letu alikuwa na hivyo wakati ule?

Kwa wakaaji wa Fizi, ile furaha ilifika kwa mbali, kama ngoma ya kijiji kingine. Huku milimani kwetu serkali ya Kinshasa haikuwa inatawala kila mahali. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walikuwa na maquis yao katika milima ya Fizi, na kituo walichokiita Hewa Bora. Kwa hiyo wakati Chui walipokuwa wanavaa jezi ya Zaire, kulikuwa vijiji katika inchi ileile ambavyo bendera ya Zaire haikupepea. Televisheni ilikuwa kitu cha Kinshasa na cha miji mikubwa. Aliyetaka kufuata ekipe alihitaji radio na mapili, na mutu anayefuata mechi kwa radio anaucheza mupira kichwani mwake: anasikia jina Kazadi, anamuchora mwenyewe akiruka.

Sasa Ujerumani Magharibi. Mechi ya kwanza, Dortmund, tarehe 14 mwezi wa 6, na Scotland. Wengi Ulaya walikuwa wamengojea kuchekelea. Hawakupata sababu. Peter Lorimer alifunga kwa shuti kali dakika ya 26, kipa asingefanya kitu. Dakika ya 34 Joe Jordan aliruka peke yake, mabeki wa Zaire wamesimama wakifikiri ni ofsaidi, mupira wa kichwa ukaenda karibu na Kazadi na ukapita mikononi mwake. Hilo lilikuwa lake, tuseme wazi. Lakini baada ya hapo Scotland haikufunga tena, na Kazadi alizuia mipira ambayo ingefanya hesabu kuwa mbaya. 2 kwa 0. Zaire walitoka wameinua kichwa. Wascotland wenyewe hawakujua kwamba magoli yale mawili yangekuwa machache sana kwao. Tutaona.

Kati ya tarehe 14 na 18 ndipo nyumba iliungua. Wachezaji wamesimulia baadaye, na wanakubaliana juu ya jambo kubwa: primu zao hazikuwepo. Pamoja na ekipe walikuja wakubwa wengi, watu wa wizara, watu wa rais, na pesa iliyopaswa kufika kwa wachezaji ilipotelea njiani. Vijana wale, ambao walikuwa wamekatazwa kwenda kujitafutia Ulaya, wakaambiwa sasa kwamba hata hiki cha hapa hakipo. Walikataa kucheza. Mazungumuzo yakafanyika, wakabembelezwa, na mwishoni wakaingia uwanjani. Miguu iliingia. Kama moyo uliingia pia, kila mutu anaweza kujibu akiangalia matokeo.

Na mpinzani wa siku hiyo alikuwa nani? Yugoslavia, inchi ya antrenere. Uvumi ulikuwa tayari unatembea kwamba Vidinić ameuza siri kwa ndugu zake. Hakuna aliyeleta ushahidi wa jambo hilo. Lakini uvumi hauhitaji ushahidi ili kuharibu ekipe.

Gelsenkirchen, Parkstadion. Dakika ya 8, Dušan Bajević, kichwa, 1. Dakika ya 14, Dragan Džajić, frii kiki, 2. Dakika ya 18, Ivica Šurjak, 3. Dakika ya 21 bango likainuliwa na namba 1 juu yake. Kazadi hakuwa amejeruhiwa. Alikuwa amefungwa, basi. Kipa kutolewa bila jeraha, tena kabla hata nusu saa haijafika, ni kitu ambacho mashabiki wa mupira walikuwa hawajazoea kuona katika Kombe la Dunia. Alitembea kwenda inje mbele ya dunia yote, na nafasi yake ikachukuliwa na Tubilandu Ndimbi, kijana mufupi kwa kazi ya mulango.

Tubilandu hakupata hata muda wa kupasha mikono moto. Dakika ya 22 Josip Katalinski akafunga, na kazi ya kwanza ya kipa mupya ikawa kuokota mupira katika nyavu. Wachezaji wa Zaire walimuzunguka arbitre, Omar Delgado wa Colombia, wakisema ni ofsaidi. Mumoja akamupiga teke kwa nyuma. Aliyepiga alikuwa Mwepu Ilunga, na yeye mwenyewe alikubali. Aliyepewa kadi nyekundu alikuwa Ndaye Mulamba, mufungaji bora wa Afrika, ambaye hakuwa amefanya lolote. Walikuwa wamebakia kumi, bila kipa wao wa kwanza, bila mushambuliaji wao wa kwanza, na bado dakika zaidi ya 60. Kufika mapumziko ilikuwa 6 kwa 0. Iliisha 9 kwa 0. Kabla ya hapo ni Hungary tu, mwaka wa 1954 dhidi ya Korea Kusini, iliyokuwa imeshinda kwa tofauti ya 9 katika Kombe la Dunia.

Nani alimutoa Kazadi? Imeandikwa kwamba Vidinić aliwaeleza waandishi kwamba amri haikutoka kwake, ilitoka kwa mukubwa wa wizara aliyekuwa pamoja na ekipe. Ikiwa ni hivyo, basi mutu wa ofisi ndiye aliyebadilisha golikipa wa pili kwa ubora katika wachezaji wote wa Afrika. Na ikiwa si hivyo, ni vibaya zaidi, juu Vidinić alikuwa golikipa. Alijua kuliko mutu yeyote kwenye lile benchi kwamba mulango ukivuja namna ile, tatizo linaanzia mbali mbele ya mulango. Magoli yale matatu ya kwanza, mabeki walikuwa wapi? Džajić alipiga frii kiki ukuta ukiwa umesimama kama watu wanaongojea mashua. Lakini wale mabeki walibakia, kipa akatoka.

Siku ine mbele, tarehe 22, uwanja uleule, Brazil. Mabingwa wa dunia. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa rais walikuja hotelini na kuwaambia kwamba wakifungwa ine ao zaidi wasirudi nyumbani. Mulango ulirudishwa kwa nani? Kwa Kazadi. Hiyo ni sehemu ambayo wengi wanaisahau wakisimulia. Siku ine nyuma hakufaa hata kumaliza nusu saa, sasa maisha ya wote yamewekwa mikononi mwake.

Hesabu za kundi zilikuwa hivi: Brazil ilikuwa imetoka sare mbili za 0 kwa 0. Ilihitaji kuifunga Zaire kwa tofauti ya magoli 3 ili kuitupa Scotland inje. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Kiisha, kwa muda mrefu sana, hakuna kitu. Brazil ile ya Rivelino na Jairzinho ilizunguka, ilipiga, ilikasirika, na mulango wa Kazadi ukabakia umefungwa mpaka dakika ya 66, Rivelino alipopiga shuti lake la muguu wa kushoto. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga kutoka pembeni, mupira ambao haukuwa na hatari kubwa, na ukapita chini ya Kazadi. Goli la tatu. Kosa lake, hakuna njia ya kulificha. Kwa goli lile Brazil ilipita, na Scotland ikarudi nyumbani bila kushindwa mechi hata moja. Na kwa Zaire, goli lile lilikuwa la mwisho lililoruhusiwa. Dakika 11 zilizobakia, la ine halikuingia. Ni katika mechi hiyo Mwepu alitoka mbio katika ukuta na kuupiga mupira wa frii kiki ya Brazil mbali, na dunia ikacheka, ikisema Waafrika hawajui sheria. Mwepu aliijua sheria. Alikuwa anapoteza wakati, na alikuwa na sababu.

Zaire ilimaliza na pointi 0, magoli 0, na 14 ya kufungwa. Katika hayo 14, Kazadi alifungwa 8, Tubilandu 6.

Kuna watu, zaidi Marekani kwenye mupira wa besiboli, ambao wana muchezo wa namna yake: wanachukua hesabu za msimu wa zamani, za kila muchezaji, na kuucheza upya mezani kwa kete na karatasi, siku hizi kwa kompyuta. Wanaweza kuchukua ekipe iliyokuwa ya mwisho na kuifuata mechi baada ya mechi, kuona kama ingeweza kumaliza mahali pengine. Mutu angefanya hivyo na Chui wa 1974, angepata nini? Kwa hesabu peke yake, ekipe iliyofungwa 4 katika mechi 10 haili 9 kwa siku moja. Hesabu hazina mahali pa kuandika primu zilizopotea, wala walinzi wa rais. Ndiyo maana haifai kumusoma Kazadi kwa ile karatasi moja ya Gelsenkirchen.

Nyumbani hapakuwa sherehe. Mobutu alishazoea kutoa mali kwa washindi, na hawa hawakuwa tena washindi. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka uleule, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, katika uwanja wa tarehe 20 Mei, na macho ya rais pamoja na pesa vikaelekea kule. Kwa Kombe la Dunia la 1978 Zaire ilijitoa bila kucheza mechi hata moja ya kutafuta nafasi. Katika miezi michache ekipe bora ya bara iliachwa kama shamba baada ya mavuno. Wachezaji, ambao milango ya Ulaya ilifungwa wakati walipokuwa wanatakiwa, walizeekea nyumbani bila akiba. Ndaye Mulamba alifika mpaka Afrika Kusini kama mukimbizi, na mwaka wa 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumukumbuka, naye alikuwa hai. Alikufa kweli mwaka wa 2019.

Kazadi alikufa mwaka wa 1996, hajafikia miaka 50. Ni mwaka ambao, kwa sisi wa Uvira na Fizi, hauhitaji kuelezwa. Mwezi wa 10 vita vilianza upande wetu, watu wakavuka ziwa, na yule Kabila wa Hewa Bora akatelemuka na wenzake kuelekea Kinshasa. Mwezi wa 5 uliofuata Mobutu alikuwa amekimbia, na jina la Zaire likazikwa. Kati ya mambo mengi kama hayo, kifo cha golikipa wa zamani hakikupata nafasi kubwa.

Vijana wa leo kule Baraka wanamujua Robert Kidiaba, yule wa nywele ndefu aliyekuwa anarukaruka amekaa chini ekipe yake ikifunga. Ni kipa wa Mazembe ileile. Mwaka wa 2010 alifika nayo mpaka finali ya kombe la klabu za dunia, kule Abu Dhabi, dhidi ya Inter ya Italia, na ekipe ya Afrika ilikuwa haijawahi kufika pale. Dakika ya 13 Pandev akafunga. Dakika ya 17 Eto'o akafunga. Antrenere wa Mazembe, Lamine N'Diaye wa Senegal, hakuinua bango lolote kwa golikipa. Inter ilipata goli lake la tatu dakika ya 85, na Kidiaba akamaliza mechi akiwa bado kwenye mulango wake.